Uso wa Nagavve Ukutani

Chandavve alikuwa amemletea mumewe ugali wa wimbi na kunde alipomwona dada yake. Nagavve alikuwa amekufa tangu mwaka ule wa ukame, akimzaa Honnavve, waliyemwita Honni, na Chandavve mwenyewe ndiye aliyemfumba macho. Sasa huyo hapo, amesimama kwenye kibanda cha wachongaji nyuma ya hekalu, mikono minane, taji kichwani, mguu juu ya shingo ya nyati. Lilikuwa jiwe la mungu mke Durga, kazi ya Bommoja, aliyekuwa mume wa Nagavve kabla ya kuwa wake. Ule mdomo ulioinuka upande mmoja ulikuwa wa dada yake, hakuna wa kubisha.

"Umefanya nini, Baba Honni?"

Bommoja hakuacha kupuliza vumbi kwenye mkufu wa jiwe. "Mkono ulijiendea wenyewe."

"Mkono una akili zake, siyo? Na wewe ulikuwa wapi?"

Hata mtoto wa mchongaji anajua kwamba uso wa mungu hutoka kwenye vipimo, si kwenye kumbukumbu. Ukimpa mungu uso wa binadamu, watu watakuwa wanamsujudia maiti, na mvua itakikimbia kijiji. Anayefanya hivyo kazi yake hupigwa nyundo usoni mbele ya watu, tindo zake huchukuliwa, naye hutoka na watoto wake kwenda kutangatanga.

Chandavve angenyamaza. Lakini Maboja, aliyechonga ukuta wa pili, alizaliwa kijiji kimoja na wale dada wawili, na mdomo wake haujawahi kufungwa. Chakula hakijapoa, Mzee Demoja, mkuu wa wachongaji, akaja na kamba yake. Akapima paji, pua, kidevu.

"Vipimo havina kosa," alisema. "Ila Maboja anadai anamjua huyu mwanamke."

"Namjua sana! Alikuwa akichota maji kisima cha kwetu. Muulize mdogo mtu, yule pale na chungu chake."

Demoja akaagiza taa iwashwe mbele ya jiwe. Kwa kiapo, Chandavve angeweka mkono juu ya mwali na kusema kweli; anayeuondoa mapema amesema uongo. "Jifikirie kwanza, mwanangu," alimwambia. "Nyundo ninayo, nayo haina haraka."

Bommoja akamvuta mkewe pembeni. Jasho lilimtoka kama mtu mwenye homa.

"Macho yake hayajafunguliwa," alinong'ona. Ni kweli, mboni huchongwa mwisho kabisa, kwa sala, na zile za Durga zilikuwa bado laini. "Bado hajawa Durga. Haoni wala hasikii. Ni jiwe tu. Ukidanganya, unalidanganya jiwe."

"Kama ni jiwe tu, livunje."

Bommoja akageuka kulitazama lile jiwe, hakumtazama yeye, na hilo lilimchoma Chandavve kabla hajaufikia moto wowote.

Alimlea mtoto wa dada yake, akalala pale dada yake alipolala, akaamini kwamba wafu husogea mbali taratibu. Kumbe mwenzake anapandishwa ukutani mwa hekalu, na watu watampelekea maua kila asubuhi, yeye akiwa wa kwanza. Neno moja tu na ule uso ungekuwa vumbi. Alimwonea wivu. Na papo hapo alitamani kumwona dada yake tena, kwa maana alichokuwa amebaki nacho kichwani ni uso wa siku ya mwisho tu, wenye mdomo ulioumwa mpaka ukatoka damu. Na Honni hakuwahi kumwona mama yake kabisa.

Akaenda, akanyoosha mkono juu ya mwali.

"Huyu ni dada yako?" Demoja aliuliza.

"Siye."

"Mtazame vizuri."

"Nimemtazama, Mzee. Dada yangu alikuwa na pengo na pua bapa. Angejiona hivi angecheka mpaka azimie. Maboja alikuwa akimchungulia kisimani kutoka vichakani, atajua nini? Mimi nililala naye mkeka mmoja."

Wachongaji wakaangua kicheko. Demoja hakucheka. Alimkazia macho, na moto ukaendelea kula kiganja, na Chandavve hakuuondoa mkono mpaka mzee alipoweka nyundo chini.

"Mpandisheni," alisema.

Bommoja alirudi nyumbani akitembea kama bwana harusi. "Umetuokoa, Mama Honni. Sijui nikulipe nini." Chandavve alikuwa akijipaka samli kiganjani. Kwa mkono mzima akaokota kipande cha mkaa jikoni, akampa.

"Nichore mimi. Pale ukutani."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nipe kisogo."

Bommoja akacheka kidogo, akachora. Paji la uso lilitoka mara moja, nyusi pia, pua ikafuata, kila kitu kwa vipimo. Akafika mdomoni, mkaa ukasimama. Akaanza kugeuka.

"Usigeuke," Chandavve alisema, akijifunika mdomo kwa upindo wa sari. "Yule uliweza bila kumwona."

Mkaa ulibaki hewani. Chandavve, ambaye hakutetemeka mbele ya Durga, akaanza kulia.