Nyekundu Kwenye Jedwali la Yaya

Naandika haya usiku huu huu, kabla sijalala.

Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, anasomea kemia pale chuoni Kasapa. Kwa ajili ya kazi yake ya mwisho alizunguka mitaani akikusanya maji ya visima, na cha kwetu kimo. Majibu ya maabara yamemfikia wiki hii: maelfu ya mistari, kila kisima na madini yake. Alikuwa hajayasoma hata nusu. Aliandika programu kwa Perl, lugha ya kompyuta, ili ayaone yote katika dirisha moja, lakini mara ya kwanza mashine iliganda, kwa sababu alitaka itengeneze kila chumba cha jedwali kwa mpigo mmoja. Leo mchana akaniita kuona ujanja mpya.

"Angalia. Mistari iko mingi, lakini kwenye ekra hii ya mashine iko tu makumi tatu. Ukishusha, vyumba vinabakia palepale. Programu inabadilisha tu maandishi ndani."

Nikashtuka. "Na ile ingine yote iko wapi?"

"Mu mémoire ya mashine, mu akili yake. Inangojea uiite."

Kisima chenye kobalti nyingi, madini yanayodhuru mnywaji, alisema, kinapakwa nyekundu. Akaenda kuoga, akaniacha nishushe nione kama mashine itakwama. Haikukwama. Nilishuka hadi mistari ya avenue yetu, barabara yetu ya mtaani, nikasoma namba ya parseli yetu, yaani kiwanja chetu. Nyekundu.

Mimi wageni wakija hujificha jikoni. Lakini nilitoka mbio hadi uani, ambako mama alikuwa anaosha sombe, majani ya muhogo, na majirani wawili wanachota, maana kwetu mwenye kisima hafungii watu mlango.

"Musikunywe! Mayi yetu iko na sumu! Yaya njo alipima!"

Mama alimwaga sombe yote chini. Jirani mmoja akapindua bidoni yake ya maji. "Eh mama! Na miaka yote tulikunywa!"

"Twende kwa mama wa ng'ambo," akasema mwenzake. "Hapa batatuua."

Wakavuka barabara na bidoni zao kwenda kisimani kwake.

Yaya alitoka bafuni na povu masikioni, akaketi kwenye mashine, akashusha mstari mmoja. Namba yetu ikapanda. Nyekundu ikabaki palepale, sasa juu ya kisima cha watu wengine.

"Aka! Rangi haifuate mustari!" Akajishika kichwa. Kisima chenye sumu kilikuwa kimepita katika chumba kile, na yeye alisahau kuiambia programu ifute rangi kabla ya kuweka kisima kinachofuata. Akaongeza maneno machache, akafungua upya. Kwetu kukawa kweupe. Nyekundu ilikuwa mistari miwili juu yetu: kwa mama wa ng'ambo, yule anayeshona kofia za sala.

Na bidoni zilikuwa zinajaa kwake.

Nilivuka bila viatu. "Mama, samahani. Haiko yetu. Iko... iko yenu."

Majirani wakaangua kicheko. "Hii mutoto! Sasa hivi kwenu, sasa huku? Magaribi utapeleka sumu kwa nani?"

Mama wa kofia hakucheka. Aliweka sindano chini. "Nipeleke nione."

Kwetu, akaketi mbele ya mashine. "Shusha," akasema. Nikashusha. Namba yake ikatoka juu ya dirisha, rangi ikatoka nayo. "Pandisha." Vikarudi pamoja. "Tena." Mara ya tatu aliziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Bajukuu bangu bane," akasema. "Na miye njo nabapatiaka ile mayi kila siku."

Akainuka, akavuka barabara.

Nilimfuata hadi kwake. Majirani walikuwa wangali wakitaniana pale kisimani, mpaka walipomwona anafungua kamba ya ndoo yake mwenyewe, anaizungusha kiganjani polepole, anaingia nayo ndani ya nyumba, ili asichote mtu tena.