Maziwa ya Mtihani

Masharti ya kuingia shule ya wasaidizi wa farmasi yalitangazwa kanisani baada ya misa, katikati ya tangazo la ndoa na tangazo la mbuzi aliyepotea. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wametukalia, na chochote kilichotangazwa na padri tulikiamini, hata yule mbuzi. Mwombaji awe amemaliza shule ya misioni. Awe amebatizwa. Padri aseme kwamba ana tabia njema. Daktari amsikilize kifua. Mwishowe afanye kazi ya majaribio hospitalini majira yote ya mvua, na masera wa chumba cha dawa aridhike naye. Masera ndivyo tulivyowaita watawa. Katika masharti yote hayo ng'ombe hakutajwa. Angetajwa, nisingeinua mkono.

Niliuinua. Padri alithibitisha tabia yangu bila kuuliza mtu, nadhani alinichanganya na kaka yangu. Daktari alinisikiliza kifua akasema moyo unapiga. Nyumbani habari hizo zilipokelewa kwa utulivu. Mama aliuliza kama huko farmasi watu wanakula. Baba aliuliza nani atachunga.

Niliitaka shule ile kuliko kitu chochote, na sababu yenyewe haina utukufu. Nilikuwa nimechunga kwenye mvua tangu nijue kutembea, na chumba cha dawa kilikuwa mahali pa kwanza nilipoona mtu anafanya kazi siku nzima bila kulowa. Baadaye nilizipenda dawa zenyewe, mizani ndogo ya shaba, ukali wa kinini ulimini, harufu ya pomadi ya upele. Lakini mwanzo ulikuwa paa. Na aliyekataliwa na masera hakurudi tena mwaka uliofuata. Alirudi mlimani.

Sisi tulikuwa watu wa ng'ombe, juu kwenye milima ya Masisi, mahali ambapo ukungu unaingia nyumbani bila kubisha hodi. Hospitali ilikuwa chini bondeni, na baba aliiuzia maziwa. Yalikuwa ya watoto wachanga waliofiwa na mama zao wakati wa kuzaliwa. Wafugaji wengine nao waliwahi kuleta ya kwao, lakini masera alikuwa na kijiti chake cha kioo, anakitumbukiza kwenye maziwa, kikizama anajua yametiwa maji. Kwa wale wengine kilizama. Kwa baba kilisimama. Mama alipenda kulisema jambo hilo kanisani, kwa sauti ya chini ambayo benchi tano zilisikia.

Sasa, kwetu maziwa hayachemshwi. Unakunywa mabichi au yaliyoganda, basi. Ukiyaweka motoni, moto unamrudia ng'ombe mwenyewe, chuchu zinaungua kwa ndani, maziwa yanakauka, na usipokuwa na bahati ng'ombe anakufa. Tulikuwa Wakristo wazuri, tunafunga Ijumaa, na jambo hili hakuna aliyelipeleka kwa padri, kwa kuwa halikuwa la dini. Lilikuwa la ng'ombe.

Baba alijua hospitali inachemsha. Hakuwa mjinga, alikuwa ameona moshi. Ila alikuwa na sheria yake iliyomruhusu kulala usingizi. Maziwa yakishauzwa ni ya aliyenunua, na makosa ya mnunuzi hayapandi mlima. Kinachomuumiza ng'ombe ni mkono wa nyumbani. Mtoto wa boma akiyatia motoni, ng'ombe atajua.

Mimi nilikuwa mtoto wa boma, na kazi ya kwanza ya majaribio, kila asubuhi kabla ya kugusa dawa yoyote, ilikuwa kuchemsha maziwa ya watoto.

Niliokolewa na mwenzangu. Tulikuwa waombaji wawili, na huyu wa pili alitoka Kibua, upande wa Walikale, kwenye msitu ambako ng'ombe hawakai. Alifika hospitalini hajawahi kuonja maziwa maishani mwake. Alikuwa kijana mpole, mnene wa shingo, amezoea mawese na samaki wa kukausha, na mara ya kwanza alipoona watu wazima wanakunywa kitu kilichotoka chini ya tumbo la mnyama alitoka nje kidogo. Aliporudi aliniuliza:

"Kaka, hii kitu munakunywaka kweli, ao munanicheka?"

"Tunakunywaka."

"Na mama zenu banajua?"

Yeye hakuweza kuyamimina wala kuosha chupa zake, mikono ilimkataa. Lakini kuyaweka motoni hakukumsumbua. Aliona afadhali, labda moto utayapunguza. Basi tukagawana. Yeye alichemsha, uso ameugeuzia mlangoni. Mimi nilipima maji, nikatia sukari, nikamimina kwenye biberoni, zile chupa za kunyonyeshea, nikaosha. Majira yote ya mvua yalipita hivyo. Masera aliona maziwa yako tayari, watoto wananenepa, hakuuliza mkono upi ulifanya nini. Nami kila Jumapili nilipanda nyumbani, nikawatazama ng'ombe machoni bila wasiwasi.

Mvua zilipokaribia kwisha, masera alituita. Kesho daktari wa serikali anakuja kututazama kabla majina hayajapelekwa. Tutafanya kazi mbele yake, kila mmoja peke yake, tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Kazi gani, masera?" nikauliza.

"Maziwa ya batoto."

Mwenzangu akauliza kwa nini isiwe siro, ile dawa tamu ya kikohozi, ambayo tumejifunza vizuri.

"Siro iko kidogo," masera alisema. "Mukiiharibu nitapata wapi ingine? Maziwa iko kila siku. Na mutu asiyejua kuchemsha maziwa, hatajua kuchemsha kitu chochote."

Hakuwa amekosea. Nimekuwa mtu wa farmasi maisha yangu yote na sehemu kubwa ya kazi ni kuchemsha. Lakini siku ile niliona dunia imenionea. Nilimkasirikia masera, nikamkasirikia daktari ambaye hata sijamwona, nikawakasirikia na wale wachanga kwa kuwa na njaa.

Jioni ile nilipanda mlima. Nilimkuta baba anakamua, na kwetu mtu anayekamua hasumbuliwi, basi nikasimama pembeni mpaka alipomaliza. Nyumbani tuliongea Kinyarwanda, lakini nitayaandika maneno yake kwa Kiswahili chetu cha kule, maana alikitumia vilevile, kwa sauti ileile, kwa wanunuzi na kwa Mungu.

Nilimweleza yote. Kisha nikampa shauri nililolitunga njiani, ambalo niliona ni la akili.

"Papa, kesho usitume maziwa. Masera akikosa maziwa, atatupatia kazi ingine."

"Na batoto ba ospitali watakula nini?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nataka kwenda kutunza wagonjwa na sikuwa nimelifikiria.

"Basi nitamwambia siwezi," nikasema. "Nitarudi kuchunga."

Nilisema kwa ushujaa, nikitegemea atanikataza. Baba alifuta mikono kwa majani, akatazama zizi, ng'ombe mmoja baada ya mwingine, muda mrefu. Halafu akasema niende nikale, mama ameweka viazi. Nilikula viazi. Asubuhi nilishuka hospitalini kungali na giza kidogo, nikiwa nimeamua kwamba nitamwambia masera siwezi, na njia nzima nikiyapanga maneno kwa namna ambayo angenihurumia.

Daktari wa serikali alikuwa mtu mrefu mwenye viatu safi, aliyevitazama kwa huzuni kila alipokanyaga tope letu. Alianza na mwenzangu, kwa maziwa yaliyobaki ya jana. Mwenzangu alikuwa hajawahi kuyamimina. Aliyachemsha, uso mlangoni kama kawaida yake, yakafurika yakazima nusu ya moto. Aliyamimina kwenye biberoni huku amefumba macho, na jambo la ajabu, yaliingia. Daktari aliandika kitu. Masera alitazama dari.

Kisha ikawa zamu yangu, na maziwa ya jana yalikuwa yamekwisha. Nilifungua kinywa nimwambie masera yale maneno yangu ya njiani.

Mlangoni akasimama baba.

Kwa kawaida maziwa yalishushwa na binamu yangu. Baba hakuwa mtu wa kushuka, alishuka kwa Krismasi na kwa mazishi. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, kofia mkononi, na mkono wa pili ameshika chombo kimoja tu cha mti, kile kidogo cha nyumbani chenye mfuniko wa kusuka, ambacho hakikuwahi kutoka kwenda kuuzwa. Alimsalimu masera. Alimsalimu daktari. Kisha akanijia mimi.

"Haya, iko ya ng'ombe moja tu," alisema polepole. "Sikuchanganya. Ingine binamu yako analeta nyuma, ya batoto."

Nilielewa hapohapo. Kama yangechanganywa, moto ungewarudia ng'ombe wote. Alikuwa amechagua mmoja.

"Gani, Papa?"

"Ya paji nyeupe."

Huyo alikuwa ng'ombe wake bora. Pembe ndefu zilizopinda vizuri, mpole, anaitikia akiitwa, na kijiti cha masera kilikuwa kinasimama kwa sababu yake zaidi ya wengine. Watu walikuwa wamekuja kutoka mbali, hata kutoka Ngungu, kumwomba baba amuuze, akawapa pombe ya ndizi na kuwarudisha.

"Kwa nini huyo?" nikasema, na sauti yangu haikuwa ya mtahiniwa.

"Ulipozaliwa mama yako alikuwa mugonjwa, hakuwa na maziwa. Mama ya huyu ndiye alikulea. Mama yake alianza kazi, yeye aimalize." Akanikabidhi chombo. "Weka mu moto."

Hakuondoka. Nilidhani ataondoka. Alirudi mlangoni akasimama, kofia ameishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, kama walivyosimama watu kaburini padri anapomaliza.

Nilimimina maziwa kwenye sufuria. Nikakoleza kuni. Nikazikoleza tena zikiwa zinawaka, na daktari akasema kitu kwa Kifaransa, masera akamjibu kwamba ni woga wa mtihani. Nilimpenda baba asubuhi ile kuliko siku zote za maisha yangu, na nilitamani angeenda zake. Maziwa yalinyamaza muda mrefu, kisha yakaanza kupanda. Niliyatoa yasifurike, nikayarudisha, nikayatoa tena, kama mwenzangu alivyokuwa akifanya siku alizobahatika. Nikapima maji, nikatia sukari, nikamimina. Daktari alichukua yaliyobaki kwenye sufuria, akayanywa, akasema ni maziwa mazuri sana. Masera alimtafsiria baba.

"Ilikuwa," baba alijibu.

Kisha akavaa kofia, akaomba chombo chake, akapanda mlima.

Majina yalichelewa. Mwenzangu alirudi Kibua kungojea, akaniachia samaki wa kukausha ambao mama aliwatazama kama mwenzangu alivyotazama maziwa. Mimi nilirudi kuchunga. Ni wiki nilizozichukia kabisa. Kila alfajiri baba alikwenda kwa paji jeupe, anampapasa kiwele, anazishika chuchu moja moja, ananusa pumzi yake, anarudi ndani. Hakumruhusu kwenda malishoni pamoja na wengine. Alimkatia majani mwenyewe, yale laini ya kando ya kijito, na jioni alimwashia moto wa kufukuza nzi karibu kuliko ng'ombe wengine. Nyumbani tuliongea taratibu. Mama aliacha kusimulia habari za kijiti. Hakuna aliyenilaumu, na ningependa mtu anilaumu, tugombane, tumalize.

Ng'ombe mwenyewe hakuonyesha dalili. Kwa majani yale na kukaa bure alinenepa, maziwa yakazidi. Mtu mwingine angefurahi. Baba aliona ni ugonjwa unaokuja kwa hila.

Habari zilifika Jumapili, baada ya misa, safari hii kabla ya tangazo la ndoa. Padri alisoma jina langu na jina la mwenzangu wa Kibua. Lori litatupakia kuelekea Walikale na mbele zaidi, huko kwenye shule. Watu walinipiga mgongoni. Mama alianza kulia kwa ile sauti yake ya benchi tano. Baba hakuwapo, hakutaka kumwacha mgonjwa wake.

Nilipanda mlima mbio. Nilimkuta zizini, ameinama ubavuni kwa paji jeupe, anamtoa kupe shingoni.

"Papa, wamesoma majina."

Hakugeuka. "Na yako?"

"Imo."

Aliendelea na kupe yule mpaka akamtoa, akamtupa motoni. Akamwekea ng'ombe kiganja kwenye lile paji lake jeupe, akakaribisha mdomo kwenye sikio lake. Nilikuwa nyuma yake tu, nilisikia kila neno.

"Wamemupokea," alimwambia. "Ulisikia? Wamemupokea. Haukuungua bure."

Kisha akaniambia nimfungue, akale na wenzake. Nilimfungua.