Hesabu ya Nyumba Bila Bibi

Mwanangu anayekaa Mugumu alinipa hadi Jumapili nimjibu kama nitahamia kwake. Mke wangu alikuwa amefariki msimu uliopita, na mahindi yangu hapa Natta tembo walikuwa wameyamaliza. Tembo naye, anakula shamba lako halafu anaondoka taratibu kama mgeni aliyeshiba. Lakini hayo tuyaache.

Wiki hiyo binti wa huyo mwanangu alikuwa kwangu, likizo. Yuko chuo kikuu, anasoma fizikia, ile ya vitu vidogo ambavyo ukiambiwa vipo inabidi uamini tu. Mimi niliishia darasa la pili nikafuata ng'ombe, na sijawalaumu.

Asubuhi moja nilimkuta jikoni anafukiza kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto, kama bibi yake alivyomfundisha. Nikamuuliza, "Mchumba, hivi huko chuo unasoma nini hasa?"

"Joto, babu."

"Joto! Umepanda basi mpaka huko kusoma joto? Si ungekaa tu hapo motoni?"

Akacheka mpaka moshi ukampalia. Kisha akanieleza. Uji ukiwa chunguni, uji una joto lake na chungu kina lake. Pale vinapogusana ni padogo, unaweza kupapuuza. Lakini chembe za kwanta ni ndogo mno, kugusana kwao ni karibu mwili wao wote. Chembe ikishikamana sana na vilivyoizunguka, kuna nishati inayokaa kwenye mshikamano wenyewe, na wataalamu wanabishana ni ya nani. Hapo hesabu ya joto inawasumbua, na ya entropia pia, ambayo alisema tuichukulie kama kipimo cha vurugu.

"Sasa vurugu ya chembe mnaipimaje, na yenyewe imeng'ang'ania?"

"Njia moja, tunahesabu vurugu ya vyote vikiwa pamoja, halafu tunatoa vurugu ya mazingira yakiwa peke yake. Kinachobaki tunaihesabia chembe. Na wakati mwingine, babu, kinabaki chini ya sifuri."

"Muongo wewe. Vurugu chini ya sifuri ndiyo ikoje?"

Akaangaza macho humo jikoni hadi chumbani. "Chukua nyumba hii bibi akiwemo. Toa nyumba hii bibi asipokuwemo."

Viatu vyangu vilikuwa juu ya meza. Jembe lilikuwa kitandani, sijui lilifikaje. Kuku alikuwa ameatamia kwenye gunia la mtama.

"Ni mfano tu, babu, usiende kuwaambia watu."

Nami ndiyo hivi ninawaambia. Siku ile nilitoka kwenda kuwaangalia ng'ombe, ingawa nilikuwa nimeshawaangalia.

Jumapili mwanangu akaja na pikapu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Chumba kiko tayari. Ng'ombe tutamwachia jirani. Twende wewe tu."

"Mimi tu ndiyo nani?"

Akamgeukia binti yake. "Umemfundisha nini mzee?"

"Joto, baba."

Sikuwa na hasira, wala sikuwa natania. Nilimwambia mwanangu kwamba hapa ng'ombe wakilia alfajiri najua naitwa mimi. Jirani akipiga kelele kwamba tembo wamevuka, najua naambiwa mimi. Ukinitoa kwenye hayo yote ukaniweka kwenye chumba kizuri, sijui kitakachobaki ni nini, na ninakiogopa.

Binti yake akatikisa kibuyu, akammiminia maziwa. Akanywa kikombe, akaongezwa kingine. Halafu akautazama mlango wangu uliolegea bawaba tangu msiba, akauliza nyundo iko wapi. Tukaitafuta wote watatu, tukaikuta chini ya kuku.

Pikapu ilirudi Mugumu tupu, na mlango unafungika. Mimi nikavitoa viatu mezani.