Mlango wa Wazazi Kigombe

Bertha binti Asheri alijua kupima kabla ya kujua kuandika, kwani baba yake alikuwa seremala wa shamba la mkonge upande wa Muheza na hakuwa na mtoto wa kiume. Mwaka 1952, alipomaliza shule ya misheni, akapata kazi Raskazone, mjini Tanga, katika ofisi ya wachora ramani. Wazungu walichora, yeye akanakili kwa wino.

Mwaka wa pili ikamfikia ramani ya nyumba ya wazazi, ya wanawake kujifungulia, ya kujengwa Kigombe. Ilikuwa na mlango mmoja tu, nao ulifungukia barabarani, mkabala na kibaraza cha zahanati, wanaume wanapongojea dawa. Bertha akaweka kalamu chini, akamwendea mkubwa wake.

"Bwana, mwanamke mwenye uchungu hatapita hapa mbele ya wanaume. Mlango ungekuwa nyuma."

"Wewe umeajiriwa kunakili," alijibiwa.

Akanakili. Nyumba ikajengwa, ikapakwa chokaa, ikakaa tupu. Masika yaliyofuata akasikia kwamba mwanamke wa huko, Mize, aliona haya kupita mlango ule. Uchungu ulimshika siku mbili nyumbani kwake, akafa yeye na kichanga chake.

Bertha hakupata kumjua, lakini Jumamosi alipanda lori kwenda Kigombe kuhani. Mama wa marehemu, Bi Mwatum, alikuwa ameketi ukumbini juu ya mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Tanga. Ramani ya nyumba ile niliinakili mimi. Niliiona kasoro yake, nikasema mara moja, nikanyamaza."

Bi Mwatum alimpisha mkekani. "Basi usinyamaze tena. Wakunga wapo. Waulize."

Jumamosi nne Bertha alikaa na wakunga wale, akisikiliza mzazi hupita wapi, nani humshika mgongo, maji huchemshiwa wapi. Kisha akachora: mlango nyuma, ua wa makuti, jiko, chumba cha mama mzaa chema anayemsindikiza mzazi. Jumbe wa kijiji akaridhia, na fundi Uweso akaanza kubomoa ukuta wa nyuma. Ofisini habari zikafika. Barua ya kumwachisha kazi Bertha iliandikwa kabla fundi hajaweka fremu ya mlango.

Wazazi wakaanza kuja, wa kwanza akiwa mdogo wake Mize. Bertha hakuwapo, alikuwa amekwisha kurudi kwao, akifundisha uchoraji wa majengo katika shule ya misheni. Kwa muhula mzima wanafunzi wake hawakugusa karatasi. Aliwatuma majumbani wakawaulize watu wanavyoishi.

Mwaka 1958 msichana mmoja, Praxeda, alimwuliza ni nyumba ipi kati ya kazi zake anayoikumbuka zaidi.

"Ya Kigombe, kama ilivyokuwa mwanzo," alisema Bertha. "Mistari yake yote ilinyooka. Na mtu alikufa."

Bertha akageukia ubao, akaendelea na somo.