Bibi wa Nyumba ya Mwisho

Vumbi linaloungua juu ya televisheni ya chogo lina harufu yake. Ichanganye na sweta za sufu zilizoloa ukungu na mahindi ya kuchoma ya sokoni, utapata chumba kimoja cha Ngaramtoni ambacho mpaka leo hakijaniachia. Kilikuwa chumba cha pembeni mwa duka la vipuri la Baba Mdogo. Ilikuwa miaka ile biashara huria iliporuhusiwa na kila mwenye mtaji kidogo akawa na kitu cha kuleta kutoka Namanga: mabeseni, redio, mitumba. Baba Mdogo alikwenda kufuata vipuri vya magari, akarudi pia na mashine ya gemu iliyokwisha kutumika, pedi mbili na sahani chache za gemu ndani ya mfuko wa rambo. Mama alisema shemeji yake ameleta shetani wa kula umeme. Watoto wakajazana mlangoni kwa kusukumana, na siku ya soko hata wafugaji walioleta mbuzi wao walisimama hapo, wameegemea fimbo, wakauliza yule mtu aliyemo ndani ya kioo anakwenda wapi.

Wakati huo dada yangu Aikande alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni upande wa Makumira, lakini msimu ule wa baridi alirudishwa nyumbani kwa sababu ya moyo. Daktari alisema umepanuka, apumzike, na neno hilo “apumzike” likakaa nyumbani kwetu kama mgeni asiyesema ataondoka lini. Tulipokwenda dukani asubuhi, Dada alisimama njiani mara kwa mara akijifanya anautazama Mlima Meru, hata siku ambazo mlima wote ulikuwa umemezwa na mawingu. Nilisimama naye, nikatazama mawingu. Mgonjwa haulizwi uji, na Mama hakuuliza chochote. Alipika mtori, Dada akala, akashukuru, akasema leo ana nafuu. Kila siku alikuwa na nafuu. Sikumsikia akilalamika hata mara moja, na nilimsifu kwa hilo, kwa akili zangu za darasa la tatu.

Kabla wateja hawajaja, Baba Mdogo alituachia mashine. Katika zile sahani kulikuwa na gemu moja ambayo watoto wengine waliikimbia kwa kuwa haikuwa na mpira wala ngumi. Ilikuwa hadithi ya msichana wa kijiji chenye ukungu, ambaye mama yake alitoka nje ya lango la kijiji asirudi, naye anajiandaa kumfuata. Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza yakipita chini ya kioo, na mimi Kiingereza changu kiliishia kwenye kumwamkia mwalimu. Mimi nilishika pedi, Dada akanitafsiria. Kwetu, mtu hasafiri bila kuaga wakubwa. Kila Dada alipokuwa akirudi bweni, Mama alimzungusha nyumba zote za wazee, shikamoo hapa, shikamoo pale, na kila nyumba kikombe cha chai. Kwa hiyo yule msichana naye tulimzungusha. Hatukumfikisha langoni mpaka awe ameingia kila nyumba, na niliamini kwa moyo wote kwamba bila hivyo lango halifunguki.

Memori kadi hatukuwa nayo, na umeme wa mgao haukuaga mtu. Ukikatika, safari yote imefutika, kesho mnaanza upya kwenye kitanda cha yule msichana. Mara chache tulivuka lango tukauona msitu, kisha kioo kikafumba. Kwangu mimi gemu ile yote ni zile sura za mwanzo: kuamka, ukungu, kubisha hodi, kuaga.

Nyumba ya mwisho, karibu na kisima, ilikuwa ya bibi aliyekaa kwenye kiti akitazama dirisha. Wazee wengine walisema yale yale kila siku, mpaka nikayajua kwa ghibu. Bibi huyu peke yake alibadilika. Siku moja Dada aliniambia, “Anasema kuna baridi, funga sweta yako.” Siku nyingine, “Anasema amechoka kukaa ndani, watu wakimtazama kama yai.” Nilimpenda yule bibi kuliko wote kwa sababu nilimwona mwerevu. Kisha ikafika asubuhi moja ya ukungu mzito, Dada amejifunga kitenge cha Mama juu ya sweta, akakitazama kioo kwa muda mrefu kabla ya kutafsiri.

“Anasema anaogopa.”

“Anaogopa nini?”

“Hajasema. Bonyeza.”

Nikabonyeza. Nilikuwa na hamu ya kuliona lango.

Dada alifariki mvua za vuli zilipoanza. Tulimzika Machame, kihambani kwa babu, kwenye migomba ya ukoo, na tuliporudi Baba Mdogo alikuwa ameshaiuza ile mashine.

Mwaka huu gemu ile imefufuliwa. Binti yangu Neema ameipakua kwenye kompyuta, hapa mjini Arusha, na nimekuta mitandaoni watu wazima wakibishana kama sura zake za mwanzo bado zinafaa au zimechakaa. Wengi wanasema zinachosha, kuzunguka kijiji tu. Nilikasirika kama waliotukanwa ni ndugu zangu. Tulipokaa kucheza, Neema alimwamsha msichana, akamkimbiza moja kwa moja mpaka langoni, na lango likafunguka. Halikuwa na sharti lolote. Nikamwambia arudi akaage wakubwa.

“Mama, mbona si lazima?”

“Rudi.”

Akarudi, akinung’unika. Nyuso ni maboksi matupu, na ule ukungu ulionitisha naona sasa ni pazia la kuficha mahali ambapo hapakuchorwa kitu. Wale wabishi wana haki yao, vingi vimechakaa. Nyumba kwa nyumba nilisoma mwenyewe Kiingereza chao, na Dada alikuwa ametafsiri sawasawa. Kisha tukaingia nyumba ya mwisho. Bibi yuko kwenye kiti chake. Neema akabonyeza, na chini ya kioo zikatokea nukta tatu, basi. Akabonyeza tena, nukta tatu. Yule bibi hasemi. Hajawahi kusema neno.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyofundishwa, lakini dada yangu hakuficha. Alisema kila asubuhi, kwa kinywa cha bibi aliyekuwa bubu, kwa mtu pekee aliyekuwa karibu, na mtu huyo alikuwa mtoto mwenye pedi mkononi. Nililia mbele ya mwanangu bila kujizuia.

Neema alishusha pedi. “Mlipocheza na Mama Mkubwa, alikuwa anasemaje huyu bibi?”

“Alisema anaogopa.”

“Anaogopa nini?” akauliza, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Nikamwambia asibonyeze kwanza.