Mwaka Ambao Hatukucheza

Asubuhi hiyo nilitoka chumbani Xiaobei, mtaa wetu Waafrika katika mji huu wa Wachina, na mali yangu yote ndani ya begi mgongoni. Mkongo niliyeishi naye alikuwa amechoka kuniuliza nitahama lini. Sikuwa na mpango. Nilifuata barabara ya Huanshi Zhonglu kuelekea stesheni, miguu ikanifikisha Zhanxi, kwenye maduka ya jumla ya nguo na viatu, ambako kila asiye na kazi hujifanya anatafuta viatu.

Mama mmoja wa Nairobi, ambaye mara nyingine namsaidia kupatana bei, aliniona kabla sijamwona. "Wewe mzururaji, njoo unifae leo," alisema. Alikuwa na oda ya jezi za mpira wa kikapu, za chuo kimoja kidogo cha ualimu kule kwetu. Mgongoni zilitakiwa kuchapwa miaka yote ambayo chuo hicho kiliwahi kufika mtoano, ile michezo ya baada ya ligi ambayo ukifungwa mara moja umerudi nyumbani. Alitaka niikague orodha pamoja na laoban, yaani bosi wa duka, isije ikakosewa tarakimu.

Niliisoma mara mbili. Miaka ilikuwa minane. Wa tisa haukuwapo, na huo niliucheza mimi.

Sikuwa mwanafunzi, shule niliiacha kidato cha pili. Vyuo vikubwa vilikuwa na wachezaji warefu na basi lao. Vyuo vidogo vilikuwa na sisi, mamluki, vijana wa mtaani tuliochezeshwa kwa majina ya wanafunzi wasiojua hata kudunda mpira. Kapteni mwenyewe ndiye aliyenifuata, akanipa jina la mtu na kitambulisho chenye picha iliyofifia. Nikavaa namba tisa. Nililala bwenini kwao muhula mzima, na mchana niliingia maktaba yao nikasoma chochote, hata kitabu cha magonjwa ya ng'ombe. Nusu fainali tulikifunga chuo kikubwa kuliko vyote. Kikapu cha mwisho kilikuwa changu.

Kilichotuponza ni ubahili. Mwenye jina alikuja kututazama siku hiyo, na kwa kuwa wanafunzi hawakulipa kiingilio, alionyesha kitambulisho chake kipya langoni. Bawabu alikuwa na karatasi ya wachezaji mkononi, na jina hilo lilikuwamo tayari. Ushindi ulifutwa kabla hatujavua viatu.

Nikamwomba mama ampigie aliyetoa oda. Alikuwa kapteni yule yule, sasa ni mwalimu wa michezo pale pale chuoni. Mama akaweka simu tuisikie sote, akamweleza kwamba mtu wake anasema kuna mwaka umesahaulika.

"Mwaka huo hatukucheza, mama," sauti ikajibu.

"Kapteni," nikasema, "ni mimi. Namba tisa."

Mwenye mkokoteni akatupigia kelele tumpishe, akapita.

"Namba tisa alikuwa mwanafunzi wetu. Wewe sikujui. Mama, chapa kama nilivyoandika."

Mama alinitazama kama anayepima kitambaa kwa macho. "Kumbe nawe uliwahi kuwa mtu," alisema, akacheka peke yake, kisha akaniachia karatasi na kwenda kutafuta viatu vya kike.

Laoban akanipa kalamu. Kwake mwaka mmoja zaidi ulikuwa tarakimu nne tu. Ningeandika, jezi zingefika zimekwisha kuchapwa, na kapteni angezikataa. Hasara ingemwangukia mama, si yeye. Nililijua hilo, na bado kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Mwishowe nikamwambia iko sawa, achape. Hiyo ilikuwa mara ya pili kumfanyia kapteni kazi na kuondoka bila jina.

Sikumsubiri mama. Nilipanda treni ya chini ya ardhi, nikakaa mpaka Nansha, kwa kuwa ilikuwa mbali na sikuwahi kufika. Nilijua tu kwamba makontena yetu hupakiwa melini huko. Nyumba mbili za wageni ziliniambia meiyou, hakuna, huku funguo zimejaa ukutani. Ya tatu ilikuwa juu ya duka la vipuri. Mwenye nyumba, mwanamke mzee, alinakili pasipoti yangu kwenye fomu polepole, akiinua macho kulinganisha uso na picha, kisha akanigeuzia nimalizie mwenyewe. Jina lilikuwa langu. Kwenye nafasi ya kazi nikaandika mfanyabiashara, uongo, naye akanipa ufunguo.