Mama wa Kikombe Kisafi

Programu yetu ya maktaba ni huria: yeyote anaweza kutuma marekebisho, na yeyote anaweza kututukana. Anayeamua kipi kiingie ni mama mmoja wa kikombe kilichokatika kishikio. Kila rekebisho hulisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, kidole kikitambaa kwenye kioo cha kompyuta. Akitukanwa, huandika jibu, huenda kuosha kikombe, kisha hurudi na kufuta nusu ya alichoandika. Ndiyo maana hakuna kikombe kisafi kama chake ofisini.

Mwezi uliopita mpinzani wake mkubwa, kijana aliyemwita "bibi wa makumbusho" mbele ya wanachama wote na kutishia kuondoka na nusu yetu, alituma sehemu mpya ya kutafutia vitabu, ili ing'oe ile aliyoiandika mama mwenyewe tulipoanza. Tukajua leo ni moto. Mama akaisoma mpaka mwisho, akaijaribu mara tatu. "Jamani, huyu mtoto kanishinda," akasema, akaifuta yake kwa mkono wake na kuandika jina la kijana kwenye orodha ya waandishi wa programu, juu ya lake. Kesho yake kijana, badala ya kuondoka, alituma rekebisho jingine lenye maneno manne: "Mama, na hii nisomee."